Maoni ya Awali Kuhusu Gemu ya Raia Bora

Kwa niaba ya Mamlaka ya Huduma Bila Kusogea, nina furaha kuutangazia umma wa Garsen, Kulesa na vitongoji vyake kwamba tatizo la huduma limekwisha. Halikupunguzwa wala halikuahirishwa. Lilikwisha Jumanne, kabla ya chakula cha mchana, pale Mkurugenzi Mkuu alipokata utepe mwekundu uliofungwa kwenye kompyuta na kuizindua gemu iitwayo Raia Bora.

Zamani mwananchi aliyetaka kisima alisumbuka sana. Aliandika barua, akapanda bodaboda, akafika ofisini, akaambiwa mhusika ametoka kidogo. Kesho yake alirudi, akaambiwa mhusika alikuwepo ila ametoka tena. Ilikuwa kazi ya kuchosha, hasa kwetu sisi tuliokuwa tunatoka. Siku hizi mwananchi anakaa kwenye kiti, katika ukumbi wenye feni, anachagua awe nani, na kisima anapewa humo humo ndani ya gemu. Waraka wa Mkurugenzi unasema wazi kwamba huduma iliyopokelewa ndani ya Raia Bora ni huduma iliyopokelewa. Kwa msingi huo tulichimba kisima huko Nanighi alasiri moja tu, na wananchi wakatumiwa picha yake. Mzee mmoja alipiga simu kuuliza ndoo anaitumbukiza upande gani wa simu. Tulimshukuru kwa maoni yake.

Mimi ndiye Mratibu wa Maoni ya Awali. Jina langu ni Philemon, lakini nikiwa kazini napendelea Mratibu. Mtu akishaigusa gemu, mimi humuuliza ameionaje, kisha huyaweka maoni yake katika kundi moja kati ya matatu yaliyoidhinishwa: Nzuri, Nzuri Sana, na Itakuwa Nzuri. Kulikuwa na mtaalamu kutoka Nairobi aliyependekeza kundi la nne. Alihamishwa.

Gemu yenyewe si ngumu. Mchezaji huanza kwa kupanga foleni, maana raia bora ni yule anayejua kupanga foleni. Akimaliza foleni anavaa uhusika: Mkulima, Mfugaji au Afisa. Mkulima analima, Mfugaji anachunga, wakikutana mtoni wanagombana, halafu Afisa anafika kwa gari jeupe, anawasuluhisha na kupata pointi. Vijana wa Nairobi walioitunga walituambia kwamba gemu isiyo na ugomvi haina utamu. Mkurugenzi akasema hata sisi, bila ugomvi, hatuna ofisi. Tukacheka wote, mimi nikacheka zaidi kidogo kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele.

Siku ya kupokea maoni ukumbi ulijaa. Wa kwanza alikuwa Elvis, kijana wa bodaboda pale stendi, ambaye alichagua kuwa Afisa.

"Umeionaje gemu?" nikamuuliza.

"Iko fiti, buda, siwezi danganya. Lakini foleni ni ndefu. Nimesimama kwa laini mpaka huyu mse wangu wa kwa kioo ameota ndevu. Alafu nikipata Afisa, hafanyi kitu. Anafungua mlango ya gari, anafunga. Anafungua, anafunga."

"Hajaletewa ugomvi," nikamweleza. "Afisa hasogei mpaka aletewe ugomvi."

"Na asipoletewa?"

"Nguvu zinamwishia."

Elvis alitazama mistari inayoonyesha nguvu ikipungua juu ya kichwa cha Afisa wake. "Hiyo sasa ni ya ukweli kabisa," akasema. "Hapo nawapea heko." Niliandika Nzuri Sana, kwa kuwa mchezaji alisifu uhalisia.

Aliyefuata ni Mzee Bonaya, mfugaji, ambaye hakuzoea kompyuta lakini ng'ombe aliwazoea. Alikiinamia kioo cha kompyuta kwa muda mrefu, fimbo yake ikiwa katikati ya magoti.

"Hii ng'ombe ya nani?"

"Ni wako, mzee. Umepewa na gemu."

"Yangu iko na nundu. Yangu nyeupe. Hii nyeusi na nyeupe mimi naona kwa paketi ya maziwa."

"Ni ng'ombe wa kisasa."

"Inaitwa nani?"

"Hawana majina, mzee. Wana namba."

Bonaya akautoa mkono wake kwenye kipanya, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. "Ng'ombe hana jina ni ya wizi. Mimi sichungi ng'ombe ya wizi." Nikamhakikishia kwamba ng'ombe hao hawakuibwa, ni wa serikali. Alifikiri kidogo, akasema basi hakukosea sana. Niliyaweka maoni hayo kwenye Itakuwa Nzuri.

Pembeni yake aliketi Rosina wa Kulesa, aliyevaa uhusika wa Mkulima. Kwa mujibu wa kanuni, afisa akiwa kazini hana shangazi, kwa hiyo sitasema kwamba Rosina ni dada wa marehemu baba yangu na kwamba ndiye aliyenilipia kidato cha tatu kwa ndizi. Nilimuuliza kama ninavyomuuliza mwananchi yeyote.

"Mchezaji, umeionaje gemu?"

"Nani mchezaji? Niite vizuri."

"Umeionaje gemu, shangazi?"

"Hapa pananiambia nikifika mtoni nibonyeze kumsalimia mamba. Mamba hasalimiwi, mwanangu. Mamba anachunguliwa, ukiona hayupo unachota haraka unaondoka. Aliyeandika haya hajawahi kushika ndoo."

"Mengine je?"

"Mengine picha ni nzuri. Migomba imenyooka. Lakini mimi sikuja kutazama migomba, Philemon, na wewe wajua nilichojia."

Nilijua. Alijia malka. Hapa inabidi nifafanue, kwa faida ya wasomaji walioko makao makuu. Malka ni njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Shamba huku, shamba kule, katikati panaachwa wazi. Ng'ombe wanapita, wanakunywa, wanarudi. Haina bango wala mlinzi. Wazee wa pande mbili waliitembea pamoja zamani, mkulima na mfugaji, wakakubaliana inaanzia wapi na kuishia wapi, na basi. Mto huu umehama mara kadhaa na malka zimebaki.

Mwaka jana malka iliyo juu ya Kulesa iliota ua wa waya, lango la chuma na matikiti maji. Shamba hilo ni la nani, Mamlaka haina taarifa. Mimi mwenyewe nimefika pale mara nyingi kikazi kupeleka mbolea kwa gari la ofisi, na sijawahi kuliona.

Tangu ua uote, ng'ombe wa Bonaya wamekuwa wakipita pembeni mwa shamba la Rosina, maana kiu haina subira. Mwanzoni walikuwa wachache. Bonaya alileta maziwa, Rosina akanyamaza. Lakini sasa madimbwi ya kule juu yalikuwa yamebaki tope, na mwisho wa wiki mifugo yote, ya Bonaya na ya ndugu zake, ingeshuka kwa pamoja. Mahindi ya Rosina yalikuwa yameanza kubeba.

Siku chache kabla ya siku ya maoni, hawa wawili walifika ofisini kwetu wakiwa pamoja, jambo ambalo liliwachanganya sana watu wa mapokezi. Utaratibu ni kila mmoja aje kivyake kumshtaki mwenzake.

"Ng'ombe wote wakishuka, sina shamba," Rosina alituambia siku hiyo. "Nikikosa shamba, wanangu watatoka nje na hasira."

"Na vijana yangu watatoka pia," Bonaya akasema. "Sisi wawili ni wazee, tunajua mahali tumetoka. Vijana hawajui. Fungua malka."

Mkurugenzi aliwasikiliza kwa makini akiwa amesimama mlangoni. Aliwaambia kwamba shauri lao ni zito mno kuamuliwa kiholela na binadamu, litaamuliwa ndani ya Raia Bora. Na kuonyesha kwamba hatanii, akaongeza kifungu kwenye waraka: kilichoamuliwa ndani ya gemu kimeamuliwa, na ramani ya gemu ndiyo ramani. Nilikiandika mimi. Nilikiona ni kifungu kizuri, kifupi na chenye uzito.

Sasa ukumbini, Mkulima wa Rosina na Mfugaji wa Bonaya walikuwa wamekutana kwenye kioo. Gemu ikawapa vitufe vitatu: Gombana, Shtaki, Subiri. Kwenye safu ya nyuma Elvis alishika kipanya chake kwa mikono miwili akingoja ugomvi, maana Afisa wake alikuwa amebakiza nguvu kidogo tu.

"Mbona hakuna cha kuzungumza?" Rosina akauliza.

"Kuzungumza kuko kwa Afisa," nikamwambia.

"Gombana wewe, shangazi," Elvis akaomba. "Kidogo tu. Huyu mse anakufa."

Rosina aligeuza kiti chake kumwelekea Bonaya, na Bonaya akageuza chake, wakaanza kuzungumza hapo hapo ukumbini, nje ya gemu, kwa sauti ya kawaida, jambo ambalo watunzi hawakulifikiria. Kioo kikaendelea kuwaka kikisubiri mmoja wao akasirike.

"Hebu tuipite malka, tuitazame ilivyo," Rosina akasema.

Akamwongoza Mkulima wake kwenye kingo za mto. Simu anaijua, ndiye anayetuma picha za kwaya kwenye kundi la kanisa, na vitufe hivi havikumpa taabu. Akapita shamba lake, akapita mkuyu, akafika pale juu. Kisha akaacha kubonyeza.

"Bonaya. Tazama hapa."

Bonaya akatazama. Watu waliokuwa nyuma wakasogea, na mimi nikasogea kwa niaba ya Mamlaka.

Hapakuwa na ua. Hapakuwa na lango wala tikiti hata moja. Palikuwa na nyasi, na njia pana iliyo wazi mpaka majini.

Hapa tena inabidi nifafanue, ingawa safari hii nafafanua nikitokwa na jasho. Vijana wa Nairobi walipokuwa wakichora ramani, walikuwa na picha iliyopigwa kutoka angani, na kwenye picha hiyo kulikuwa na shamba kubwa la kijani likikata malka. Waliuliza ni la nani walitie jina. Mkurugenzi alisema hapo hakuna shamba. Wakamwonyesha picha. Akasema ni kivuli cha wingu. Akasimama nyuma yao mpaka walipolifuta lote, waya kwa waya, na akawapa soda. Nilikuwepo, nilifungua hizo soda.

"Hapa kumefunguliwa," Bonaya akasema kwa utulivu. Akautazama mkono wake, akalitazama lile kundi la ng'ombe wa paketi ya maziwa lililokuwa limesimama likimngoja. "Haya. Hata kama hazina jina."

Akakishika tena kipanya. Ng'ombe wakaanza kutembea. Walitembea vibaya, wengine wakirudi nyuma na mmoja akipitia ndani ya mti, lakini walitembea. Rosina naye hakukaa bure. Mkulima alipewa na gemu miche ya migomba bila kikomo, na shangazi akaanza kuipanda, mstari huku na mstari kule, akiiacha njia katikati. Alikuwa akimuuliza Bonaya kila baada ya hatua, hapa au hapa, na Bonaya akijibu sogeza kidogo, dume akigeuka asiukanyage. Ndivyo wazee walivyofanya zamani kwa miguu yao. Nasema wazi kwamba sikujua niyaweke maoni hayo kwenye kundi gani.

Ng'ombe wa kwanza alipoinamisha kichwa majini, kioo kikang'aa na kuandika: Hongera. Ng'ombe wamekunywa. Malka ya juu ya Kulesa imefunguliwa.

Afisa wa Elvis akaanguka kando ya gari lake jeupe.

"Umeionaje gemu, mzee?" nikamuuliza Bonaya.

"Sasa nzuri."

Mara simu zote ukumbini zikalia kwa pamoja. Mkurugenzi alikuwa ameagiza kwamba kila huduma ikitolewa, ujumbe uende kwa wananchi wote papo hapo ukiwa na jina lake chini, bila yeye kusumbuliwa. Ujumbe ukaenda. Ulienda kwa chifu, ukaenda kituo cha polisi, ukaenda kwa ndugu zake Bonaya kule kwenye madimbwi ya tope. Ulimfikia pia Galma, mlinzi wa lile shamba ambalo halipo. Ulisema: Malka ya juu ya Kulesa imefunguliwa. Kilichoamuliwa kimeamuliwa. Mkurugenzi Mkuu.

Galma ni mtu mtiifu. Mkubwa wake hakuwahi kumwandikia ujumbe hata siku moja, na huu aliusoma akiwa amesimama wima. Akatoa ufunguo.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nikinywa chai ofisini pale Mkurugenzi aliponipigia. Nyuma ya sauti yake nilisikia kengele za ng'ombe, kengele nyingi, na kitu kingine kikiliwa kwa raha.

"Philemon. Wafukuze."

"Niwafukuze wapi, mkubwa?"

"Hapa. Shambani."

"Shamba lipi, mkubwa?"

Nilimsikia akihema.

"Hili," akasema polepole. "Hili hapa."

"Nimefungua ramani, mkubwa. Naona nyasi. Chifu naye anasema anaona nyasi. Polisi walipokupigia asubuhi kuuliza kama kuna mtu ameharibiwa mali yake mahali hapo, je, uliwaambia kuna mali?"

"Sikuwaambia."

"Basi nao wanaona nyasi."

"Mimi niko hapa nimesimama katikati ya matikiti, Philemon. Kuna dume linakula nikiliona."

"Huenda ni kivuli cha wingu, mkubwa," nikasema. Naapa sikukusudia ubaya. Nilikuwa nikifuata msimamo wa ofisi.

Kabla ya adhuhuri alikuwa ukumbini, suruali imejaa mbegu mpaka magotini. Alinieleza mpango wake. Kilichofunguliwa ndani ya gemu kinaweza kufungwa ndani ya gemu, na mwenye uwezo wa kufunga malka ni Afisa peke yake. Yeye angekuwa Afisa, angeifunga, ujumbe ungeenda, basi. Niliusifu mpango huo. Nikamvutia kiti, nikamwashia kompyuta, na gemu ikamweka nyuma ya foleni.

"Nipitishe," akasema.

"Njia ya mkato uliiondoa, mkubwa. Siku ya wafadhili. Ulisema kwenye Raia Bora hata Mkurugenzi atapanga foleni, wakapiga makofi."

Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Habari za malka zilikuwa zimefika kila kona ya Garsen, na kila mwenye shida yake alikuwa amekuja kuitafuta kwenye ramani. Elvis alirudi na vijana wote wa stendi. Hata lile dirisha la ndani ya gemu, ambako karani mdogo wa katuni huwahudumia watu, lilikuwa limefungwa na kuwekwa kibao: Mhusika ametoka kidogo. Kibao hicho pia kilikuwa wazo la Mkurugenzi. Alitaka uhalisia.

Alikaa. Mtu wake wa kwenye kioo, mwenye suti na tai, alisimama nyuma ya wahusika wa bodaboda, akaanza kuota ndevu. Mkurugenzi alibonyeza hiki, akabonyeza kile. Akapiga meza. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo haikunizuia kufurahi.

Rosina alifika alasiri akiwa na kapu la mahindi mabichi. Alitoka shambani kwake, ambako hakuna ng'ombe aliyepita tangu asubuhi, na alikuja kwa sababu Bonaya alimwomba aulize kama gemu inaweza kubadilishwa ng'ombe wawe na nundu. Alimwona Mkurugenzi akihangaika na vitufe. Shangazi yangu hana roho mbaya. Aliliweka kapu chini, akainama begani kwake, akamwelekeza kwa kidole, kama alivyoelekezwa yeye kwa mwaka mzima kwenye mlango wa ofisi yetu.

"Si hicho, baba. Hivyo vingine ni vya kukuchosha tu. Bonyeza Subiri."

Mkurugenzi akabonyeza. Nikamsogelea na kalamu, maana kazi ni kazi, nikamuuliza ameionaje gemu. Aliyoyasema hayaandikiki, lakini nimeyaweka kwenye Itakuwa Nzuri.